Vipepeo wa Sigowet na Bustani za Akina Mama

Msafiri atokaye Pwani kwenda Sigowet hupanda tangu anapoiacha bahari. Hupita Nairobi na Naivasha, akaliacha Ziwa Nakuru kushoto kwake, akafika Mau Summit ambapo njia ya Kericho huchepuka. Mji wa Kericho umekaa kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hushika barabara ya Kisumu hadi Kapsoit, kisha hukata kuelekea Sondu, na Sigowet huipata njiani, juu ya mabonde yanayoteremka taratibu upande wa Ziwa Viktoria. Asubuhi ya huko ni ya sweta na chai ya maziwa. Adhuhuri jua huwaka kwelikweli. Na alasiri mawingu hukusanyika, mvua ikanyesha, mara nyingine ikifuatana na mawe ya barafu yapigayo mabati kama kokoto zilizomwagwa juu ya paa.

Wenyeji wake ni Wakipsigis, watu wa mashamba na ng'ombe. Salamu yao ni "Chamgei" na shukrani yao ni "Kongoi". Mgeni aliyejifunza maneno hayo mawili tu huona nyuso zikimkunjukia. Sisi tulifikia kwa mama mmoja mtu mzima, ambaye wajukuu wake humwita Kogo, yaani nyanya, nasi tukamwita hivyo hivyo kwa heshima. Boma lake lina nyumba ya mabati, zizi la ng'ombe watatu, shamba dogo la chai mbele, na nyuma ya jiko bustani ambayo mpita njia angeidhania kuwa kichaka.

Bustani hiyo ndiyo iliyotufundisha habari za vipepeo.

Kijani kisicho na chakula

Jambo la kwanza kumshangaza mtu wa Pwani katika nchi ya Kericho ni ukijani. Vilima vyote vimevikwa chai, imekatwa sawasawa kama zulia, na kati ya vichaka vyake hupita vijia vyembamba vya wachumaji. Makampuni ya Kizungu yalianza kuipanda kwa wingi katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji wengi walihamishwa. Baada ya uhuru wakulima wadogo nao wakaingia katika zao hilo kwa nguvu, wakisimamiwa na shirika la KTDA lililoanzishwa mwaka 1964. Leo mwenye nusu ekari tu huchuma majani mawili na kichomozo kimoja, akayapeleka kwenye kituo cha kununulia, akalipwa kila mwezi na kungojea bonasi mwisho wa mwaka. Karo za watoto, bima ya hospitali na mabati ya nyumba hutoka katika majani hayo. Asiidharau chai mtu asiyeishi kwayo.

Lakini tembea ndani ya shamba la chai saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka, uhesabu vipepeo. Utawaona mmoja mmoja wakipita juu kwa haraka, kama watu wanaovuka uwanja mtupu. Kisha ingia nyuma ya jiko la Kogo. Hapo utawakuta weupe, wa rangi ya machungwa, weusi wenye madoa ya manjano, na wadogo wa samawati wasiozidi ukucha wa kidole gumba. Kutoka shamba la chai hadi bustani hiyo hazifiki hatua hamsini.

Mtu angedhani kwamba dawa ndiyo iliyowafukuza. Sivyo hasa, kwa kuwa chai ya nyanda za juu za Kenya inajulikana kwa kutohitaji dawa nyingi za wadudu. Sababu ni njaa. Mchai unaochumwa kila wiki mbili haupewi nafasi ya kuchanua, kwa hiyo kipepeo hapati mbochi, yaani ule utamu wa ndani ya ua. Tena majani ya mchai si chakula cha viwavi wa vipepeo wengi wa nchi hii. Mahali panaweza kuwa na majani mengi kama bahari ilivyo na maji, na bado kiumbe akafa njaa hapo, mfano wa mwenye kiu katikati ya maji ya chumvi.

Mti wa kibuyu cha maziwa

Pembeni mwa bustani ya Kogo umesimama mti mfupi wenye mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima kama mishumaa, na juu kabisa vikonyo vyeusi visivyofunguka bado. Wakipsigis huuita senetwet. Jani lake likisuguliwa mkononi hunukia kama bisi zilizokaangwa. Kogo hakuupanda kwa ajili ya uzuri. Vijiti vyake hukaushwa, vikachomwa, na mkaa wake ukasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ili yagande na kuwa mursik, maziwa mazito yenye vijistari vya rangi ya majivu, yanayowekwa mbele ya kila mgeni wa heshima. Nyumba ya Kikipsigis isiyo na mursik ni kama nyumba yetu isiyo na kahawa siku ya Idi.

Mti huo huo ndio mlezi wa kipepeo mmoja mweupe, ambaye wanasayansi humwita Catopsilia florella. Jike huuzunguka, akatua juu ya jani na kulipigapiga kwa miguu yake ya mbele. Miguu hiyo ndiyo ulimi wake. Kwayo huonja jani na kujua kama ni la ukoo unaomfaa mtoto wake. Likimridhisha, hutaga yai moja, akaenda jani jingine. Kiwavi atakayeanguliwa atakula majani ya jamii hiyo ya mimea, na ukimwekea sukuma wiki bora kabisa ya sokoni atakufa karibu nayo.

Jamii hiyo tunayo hata sisi. Mwingajini uotao kando ya njia zetu ni ndugu wa senetwet, na mjohoro unaotutilia kivuli mitaani pia. Ndiyo maana kipepeo huyu mweupe huonekana Sigowet kwenye baridi na huonekana Malindi kwenye joto. Anafuata miti, wala hajali hali ya hewa kama tunavyojali sisi.

Hapa ndipo penye siri ya bustani zote za vipepeo, ziwe kubwa au ndogo. Maua humkaribisha kipepeo mpita njia, naye hunywa, akaenda zake. Atakayekaa na kuzaa ni yule aliyepata jani la kumlea mwanawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka vipepeo uani mwake sharti akubali majani yake yaliwe.

Mlimau ulioliwa majani

Kukubali huko si kwepesi, nasi tulishuhudia ugumu wake kwa Kogo mwenyewe. Alikuwa na milimau miwili: mmoja mkubwa wa miaka mingi, na mwingine mchanga wa kimo cha mtoto, alioununua kwenye kitalu kwa fedha ya maziwa ili siku moja auze malimau sokoni Sondu. Asubuhi moja alikuta mche ule umebakiwa na vijiti. Juu yake walitulia viwavi wanne wanene wa kijani. Kwenye jani moja lililosalia alikuwapo mwingine, mdogo, mweusi mwenye baka jeupe, ambaye yeyote angeapa kwamba ni kinyesi cha ndege. Huo ndio ujanja wa kiwavi wa malimau, mtoto wa kipepeo mkubwa aitwaye Papilio demodocus. Akiwa mdogo hujifananisha na kitu kisichotamanika. Akikua huvaa kijani cha jani. Na akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali, ndege akaghairi.

Mwana wa Kogo alikuja na bomba la kupulizia dawa. Naye alikuwa na hoja zake. Mche ulinunuliwa kwa fedha, na viwavi hawalipi. Tena alikuwa na jambo kubwa zaidi moyoni: alitaka bustani yote ya nyuma ing'olewe, pamoja na senetwet na ule ua wa miti mchanganyiko, chai isogezwe hadi ukuta wa jiko.

"Mama, mistari sita ya chai itaingia hapa," alisema. "Hiyo ni karo ya muhula mzima kwa watoto wangu."

Kogo hakumkemea. Aliuliza tu, "Na mkaa wa kibuyu nitaununua duka gani, mwanangu? Na nyuki watakaa wapi? Na hii limau uliyotia kwenye chai yako leo?"

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mama mwenye bustani alijue. Alikata kijiti chenye viwavi, akavipeleka viwavi vile kwenye mlimau mkubwa, mti wenye majani maelfu usioweza kuumizwa na midomo minne. Mche mchanga akaufunika kwa kitambaa chepesi cha chandarua kilichochakaa. Wiki mbili hazikupita, mche ukaanza kuchipua upya. Dawa ilirudi stoo bila kufunguliwa. Habari ya mistari sita ya chai haikuishia hapo, kwa maana karo ni karo. Tulipoondoka mama na mwana walikuwa bado wanapima kwa hatua, na yalikuwa yameelekea kuwa mistari miwili.

Isidhaniwe kwamba kila kiwavi ni wa kuonewa huruma. Yupo kipepeo mdogo wa rangi ya machungwa, Acraea acerata, ambaye viwavi wake hushambulia majani ya viazi vitamu katika nchi za maziwa makuu, na shamba zima laweza kubaki mishipa mitupu. Akina mama wa Sigowet hukagua viazi vyao mapema, wakaona yale majani yaliyofungwa kwa nyuzi nyembamba ambamo watoto wake hukaa pamoja, wakayachuma na kuyaangamiza. Wale wadogo wa samawati nao hutaga kwenye maua na maganda ya njegere na maharagwe. Mwenye bustani anayejua nani anakula nini hulinda chakula cha watoto wake bila kumwaga sumu juu ya kila kiumbe. Dawa haichagui: huua kiwavi, ikaua na nyuki aliyekuja kuchavusha boga.

Kutoka yai hadi bawa

Maisha ya kipepeo yana daraja nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Kiwavi ana kazi moja, nayo ni kula. Hula mpaka ngozi ikambana, akaivua na kuvaa nyingine, kwa kawaida mara nne au tano. Akishatosheka hutafuta mahali pa siri, akajifunga kwa uzi wake mwenyewe, akavua ngozi ya mwisho, na ndani yake anatokea pupa, kijifuko kilichotulia kama jani kavu au jani bichi. Nje kimya, ndani mwili unabomolewa na kujengwa upya. Taya za kutafunia huondoka, na badala yake huja mrija wa kufyonzea. Miguu mizito huondoka, mabawa yanachukua nafasi.

Siku ya kutoka, kipepeo hupasua kijifuko, akaning'inia akiwa na mabawa yaliyojikunja kama kanga iliyokamuliwa. Husukuma maji ya mwili wake ndani ya mishipa ya mabawa hadi yakanyooka, kisha hungoja yakauke. Wakati huohuo huunganisha nusu mbili za mrija wake ziwe kitu kimoja. Watoto wa Kogo walitaka kumsaidia mmoja kwa kumfungulia kijifuko, akawazuia. Anayefunguliwa kwa mkono hutoka kabla ya wakati wake, na mabawa yake huenda yasinyooke kamwe.

Kuruka nako kuna elimu yake. Kipepeo hana joto la mwili la kudumu kama letu; misuli yake ya mabawa huhitaji joto la nyuzi 30 hivi ndipo ifanye kazi barabara. Katika baridi ya Sigowet hii ndiyo ratiba ya siku yake. Saa moja asubuhi utamkuta amelala chini ya jani, unyevu umemtanda. Saa tatu hutandaza mabawa juu ya jiwe au bati, akiota jua kama mzee barazani. Saa nne huruka. Wingu likifunika jua, bustani nzima hutulia ghafla. Likipita, wote huinuka tena. Kabla mvua ya alasiri haijaanza wamekwisha kujificha.

Mabawa yenyewe yamefunikwa na magamba madogo mno, ndiyo ule unga unaobaki vidoleni ukimshika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini Uswidi, walionyesha mwaka 2021 kwamba kipepeo anapopanda huyapiga mabawa yake pamoja kwa juu kama makofi, nayo hujipinda yakawa mfano wa viganja vilivyokingwa. Hewa iliyonaswa kati yake hufyatuka nyuma, ikamsukuma mbele. Ule mwendo wake wa kwenda upogoupogo, ambao kwetu waonekana wa mlevi, humponyesha na ndege, kwa kuwa adui hawezi kukisia atakuwa wapi dakika ya pili.

Wengine hawaendi mbali na kichaka walichozaliwa. Wengine ni wasafiri wa ajabu. Yupo wa rangi ya machungwa na nyeusi, Vanessa cardui, anayeishi hapa kwetu na pia Ulaya, na vizazi vyake huvuka Jangwa la Sahara kwenda na kurudi. Mwaka 2013 baadhi yao walikutwa ufukweni mwa Guiana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kwamba walitoka Afrika Magharibi, wakavuka Atlantiki kilomita 4,200 au zaidi, wakisaidiwa na upepo. Uzito wa mmoja haufiki hata gramu moja.

Mavazi ya kuazima

Karibu na kisima cha Kogo tuliwaona vipepeo wawili wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe, na kila mtu alisema ni mapacha. Sio. Wa kwanza, Danaus chrysippus, alikula utotoni mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya utomvu ule imebaki mwilini mwake. Ndege aliyemwonja mara moja hamrudii, naye huruka polepole bila hofu. Wa pili ni jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, lakini amejaaliwa vazi lile lile, na ndege humwepuka kwa kumbukumbu ya mwenziwe. Dume wake ni mweusi mwenye madoa meupe yaliyozungushiwa zambarau, hafanani naye hata kidogo.

Na huyo mwenye vazi la kuazima hula nini utotoni? Miongoni mwa vyakula vyake ni tikini, ile mboga ya porini ambayo mabibi zetu wa Pwani huichuma na kuichanganya na mboga nyingine kwa nazi. Mara nyingine tena mmea wa jikoni kwa mama ndio utoto wa kipepeo.

Somo hili lipo mlangoni petu

Kenya ina aina zipatazo 900 za vipepeo. Msitu wa Kakamega, ulio kaskazini ya Sigowet, una takribani 400. Na msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una zaidi ya 200. Pembeni mwa msitu huo, kwenye magofu ya Gede yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, uko mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993. Wanavijiji wanaoishi mpakani mwa msitu, wengi wao akina mama, hupanda mimea ya kulea viwavi kando ya nyumba zao, wakavikuza ndani ya vizimba vya wavu, wakauza pupa kwa mradi. Pupa hizo husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, zikaanguliwa huko mbele ya wageni. Watu waliokuwa wakiuona msitu kuwa kizuizi cha mashamba yao walipata sababu ya kuutunza. Unguja nako, kijijini Pete karibu na msitu wa Jozani, kituo cha vipepeo kilifunguliwa mwaka 2008 kwa njia kama hiyo.

Mama wa Gede anayelisha kiwavi majani kwa ajili ya soko na Kogo wa Sigowet anayehamisha kiwavi kwenye mti mkubwa hawajaonana, lakini elimu yao ni moja. Wote wawili wanajua jani gani ni la nani. Elimu hiyo haiandikwi kwenye pakiti ya mbegu. Hurithishwa kwa kuonyeshana, mama na binti, wakiwa wameinama juu ya mmea. Bustani ya nyuma ya jiko iking'olewa, hupotea vipepeo, ikapotea na darasa.

Katika mizani ya dini

Qur'ani Tukufu imewataja farashi, neno la Kiarabu linalowakusanya nondo na vipepeo, katika Surat Al-Qaria, ambamo watu wa Siku ile wamefananishwa nao katika kutawanyika kwao. Na katika hadithi mashuhuri, Mtume wetu (SAW) alijifananisha na mtu aliyewasha moto, nondo wakawa wanautumbukia naye anawazuia. Kiumbe mdogo kama huyo ametosha kuwa mfano wa jambo zito. Haifai basi sisi tumwone si kitu.

Lakini lililotukaa zaidi moyoni tulipokuwa Sigowet ni mafundisho yaliyopokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka kwa kilicholiwa. Mara nyingi tukisikia hayo tunawaza embe lililoliwa na mpita njia. Tumfikirie na huyu mlaji asiyeonekana, mwenye kula jani la ndimu usiku nasi tumelala. Kile tulichokihesabu hasara huenda kiko kwenye daftari jingine. Hata hivyo dini haikutuamuru kuacha mazao yaangamie. Israfu ni makosa, na uzembe ni makosa. Wasia ni kadiri. Mti mkubwa walishwe wageni, mche mchanga ulindwe, viazi vya watoto vikaguliwe.

Kwa mwenye ua mdogo

Dada zetu wengi wa Mji wa Kale, Majengo au Lamu hawana shamba. Wana ua wa ndani, ngazi, au paa. Hicho kinatosha kwa kuanzia. Mndimu hukua ndani ya ndoo kubwa iliyotobolewa chini, na kipepeo wa malimau ataufikia hata juu ya ghorofa ya pili. Pembe moja ya tikini, isiyopaliliwa kila Jumamosi, ni mboga yako na utoto wa wanawe. Kwa mbochi, pandeni maua yenye vikombe vidogo vingi vilivyokusanyika pamoja, ambavyo mrija wake huvifikia kwa urahisi. Lantana huwavuta sana, lakini huenea ovyo na ni sumu kwa mifugo. Mwenye mbuzi aiepuke.

Wekeni sahani ya mchanga uliolowa, mkatia chembe ya chumvi au majivu: madume hutua hapo kufyonza madini ambayo hayapatikani kwenye maua. Embe au pera lililoiva kupita kiasi lisikimbizwe jalalani siku ileile, kwani wapo vipepeo wakubwa wa msituni ambao hawajali maua, hupenda maji ya matunda yaliyochacha. Acheni majani makavu kidogo pembeni, pupa wapate pa kujificha. Na bomba la dawa likae mbali, hasa mmea ukiwa na maua.

Watoto wapewe kazi ya kuangalia. Mtoto aliyemtunza kiwavi mmoja tangu yai hadi bawa, akajifunza kungoja bila kupasua kijifuko, amepata somo la subira ambalo hotuba nyingi hazitalifikisha. Naye akiuliza, "Mama, kwa nini tunaacha majani yaliwe?" jibu liwe karibu: tulichopanda si chetu peke yetu.

Mwenyezi Mungu azibariki bustani zetu, za bara na za Pwani, awalipe kheri akina mama wanaozitunza, na atujaalie macho ya kuona aliyoyaumba kabla hayajatoweka mbele yetu. Amin.